Kabla hujafunga kamba ya kwanza: niliyoyaona kwenye mwani wa Micheweni

Kila anayenipigia simu kutaka kuingia kwenye mwani huanza kwa kuuliza bei ya kilo. Bei nitaitaja, lakini hasara nyingi nilizoziona huku Micheweni, kaskazini ya Pemba, hazikuletwa na bei. Zililetwa na sisi wageni wa kazi kuufanyia mwani yale yale tunayoufanyia muhogo: kutafuta mahali panapoonekana pana rutuba, kung'oa kila kilichoota karibu, kupanda, kisha kurudi nyumbani kungoja. Mwani hauli kwa mizizi. Hauna hata mzizi mmoja. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengi ya hapa chini utayamaliza mwenyewe kwa akili yako.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mjini Unguja. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya kaskazini mpaka mwaka 2020, korona ilipozuia ndege, wageni wakakatika na sisi tukaambiwa tukapumzike bila mshahara. Mume wangu kwao Micheweni. Tukapanda boti hadi Mkoani, tukakimaliza kisiwa kizima kwa gari ya abiria, tukashukia kwa mavyaa, mama yake mume wangu. Wifi yangu, ambaye amekulia kwenye mwani, alinitazama viganja akacheka. "Wifi, hivi vya kushikia kalamu. Bahari itavila." Hata hivyo alinigawia kamba zake kadhaa, na mbegu, na nasaha moja: nisimsikilize mtu anayesema kazi hii ni nyepesi kwa sababu wanaifanya wanawake.

Kazi yenyewe inafuata mwezi wa angani. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kutoka sana, huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapopevuka, na siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne za asubuhi. Hapo ndipo tunaposhuka. Kigingi kinapigiliwa mchangani, chengine mbali nacho, kamba inavutwa katikati, na kwenye kamba zinafungwa mbegu kwa vikamba vyembamba ambavyo wenyewe wanaviita taitai. Baada ya wiki sita hivi, mambo yakienda vizuri, kila kitawi kimekuwa kichaka na unavuna. Maji mafu, yale yasiyotoka sana, yakifika hakuna kushuka, na shamba linabaki peke yake chini ya maji. Anayetaka kuchanganya kazi hii na ajira ya saa maalumu ajue kwamba bahari haitambadilishia zamu.

Shamba la kwanza nililiweka karibu na ufukwe. Lilikuwa jirani na nyumba, maji ya magotini, sihitaji kutembea mbali na mzigo wa kamba begani. Kila mtu aliniachia pale bila ugomvi, na hilo peke yake lingetosha kunishtua: mahali pazuri pa mwani hapabaki wazi katika kijiji kilichojaa wakulima. Bamvua kubwa ilipokuja, maji yalitoka yakaacha kamba zangu zimelala juu ya mchanga na jua la saa tano likipiga. Kisha ikanyesha mvua wakati maji yako nnje bado. Siku chache baadaye matawi yalikuwa yamelegea, ncha zimekuwa nyeupe, na nikigusa yanakatika.

Aliyenieleza kilichotokea alikuwa binti mmoja wa chuo kikuu, Mpemba, aliyekuja kupima joto na chumvi ya maji. Alikaa kwa mavyaa, na usiku baada ya kula alikuwa anatupa darsa bila ya kujua kwamba ni darsa. Alichukua kitawi cha mwani akakiweka pembeni ya shina la mchicha. "Bi mkubwa, huu mchicha unakunywa kwa chini na kupeleka juu. Mwani unakunywa kwa mwili wote." Ule mwani wa pori unaoshikilia jiwe una kishikizo tu cha kujizuia usichukuliwe na maji, kishikizo hicho hakinyonyi chochote. Hakuna shina la kweli, hakuna jani la kweli, hakuna ua. Chakula kinakuja na maji yanayopita, na nguvu inatoka kwenye jua. Kwa hiyo udongo ulio chini hauupi kitu; kinachoulisha ni mkondo. Maji yakisimama, mwani unakaa na njaa, unapata joto, na vumbi la bahari linaganda juu yake.

Mavyaa akauliza, "Na mbegu je, mwanangu? Mbona tunasema mbegu?" Binti akasema kile tunachokiita mbegu ni kipande cha mwili ule ule, na kinachoota ni mwani ule ule unaoendelea kuishi. Hili lilinikaa sana kichwani. Kilimo cha biashara cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao jina linalotajwa zaidi ndani yake ni la Profesa Keto Mshigeni, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo watu waliokota mwani wa pori na kuuza nnje. Pemba ikaingia, na leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wote wa Zanzibar. Sasa fikiria: mashamba haya yote yanakatwa na kukatwa tena kutokana na mbegu zile zile chache. Ugonjwa unaoweza kulipiga shamba la jirani una nafasi kubwa ya kulipiga lako pia, kwa sababu ni mwani mmoja. Ndiyo maana unapoazima mbegu chagua kichaka changa, ncha kali, rangi iliyokolea, kutoka shamba ambalo halijaanza kuwa jeupe. Kutwaa masazo ya mtu anayekaribia kuvuna ni rahisi na ni bure, na mara nyingi ndiyo njia ya kuleta maradhi kwako.

Huo weupe ndio adui mkubwa. Mwani ukichoshwa na joto, au chumvi ikishuka ghafla kwa mvua, au jua likizidi, tawi hudhoofika na bakteria hulimalizia. Sehemu inakuwa nyeupe, inalainika, inakatika, na kichaka kizima kinakwenda na maji. Kaskazi ndiyo majira ya hatari kwa sababu maji ya kina kifupi yanapata joto sana. Kusi likija na upepo wake wa baridi, mwani unachangamka. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Ukiona ncha zimeanza kubadilika, vuna kilicho kizima siku hiyo hiyo, hata kama hakijafikia umri, na yaliyougua yatoe nje ya maji, usiyatupe pale pale shambani.

Aina tunazolima ni mbili. Kuna spinosamu, ule mwembamba wenye vijimiba vingi, na kuna kotonii, ule mnene. Kotonii una bei nzuri zaidi, na ndiyo ugomvi wa miaka yote, kwa sababu ndio usiovumilia joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika sehemu nyingi za Unguja na Pemba, na wakulima wakabaki na spinosamu. Wote wawili wanauzwa kwa ajili ya kitu kimoja kilichomo ndani ya kuta za seli zao, karajinani, kinachofanya vitu vya majimaji vigande. Ule wa kotonii unaganda mgumu, wa spinosamu unaganda laini. Ndicho kinachoshikilia dawa ya meno isimwagike na aiskrimu isijitenge, na kimo kwenye vipodozi na madawa. Mavyaa alipoambiwa hivyo alikwenda kuichukua dawa yake ya meno akaigeuzageuza, akauliza kwa nini basi wanamrudishia kwa bei ile.

Swali lake halina jibu la haraka. Nilipoanza, kilo moja kavu ya spinosamu haikufika shilingi 1,000, na kilo kavu moja inatokana na kilo kama saba mpaka kumi za mbichi. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua kamba. Watu huona vichaka vikubwa ndani ya maji wakajenga nyumba kichwani. Ukianika, mlima unakuwa kifurushi. Kampuni moja inayonunua hapa kwetu inatoa kamba na taitai kwa mkopo, na kwa mtu asiye na kitu ni msaada wa kweli, lakini sharti lake ni kuwauzia wao kwa bei wanayoitaja wao. Baadhi yetu tulikubali kwa mdomo bila kuuliza bei itapangwa lini na nani anashika mizani. Waulize. Na ukiweza kununua kamba zako mwenyewe kidogo kidogo, hata kama utaanza na shamba dogo la kuonewa aibu, siku ya kuuza utakuwa na ulimi.

Vigingi navyo vina hesabu yake. Wengi hukata mikoko kwa sababu iko karibu, na mikoko ndiyo inayouzuia ufukwe wetu usiliwe na bahari. Miti yoyote utakayotumia, wadudu wa baharini wataitoboa na utapiga vigingi vyengine baada ya miezi. Tumia mvinje ikiwa unaupata, na weka pesa ya vigingi kila mavuno, maana hilo ndilo gharama linalosahauliwa kuliko yote.

Nirudi kwenye kuchagua mahali, kwa sababu hapo ndipo pesa inapookolewa. Nenda siku ya bamvua kubwa maji yakiwa yametoka kabisa. Ukikuta maji bado yanafika magotini, yanatembea, chini mchanga, na hakuna mto wala chemchemi inayomwaga maji matamu karibu, pafikirie. Halafu kabla ya kigingi cha kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, na kwa kamati ya wavuvi. Pahala pasipo na alama panaweza kuwa njia ya madau au pahala pa madema, mitego ya samaki, ya mzee fulani tangu enzi za baba yake. Samaki tasi wanapenda sana mwani, watakula ncha zako, na wavuvi wanalijua hilo. Wapo wanaotega madema pembeni ya mashamba yetu kwa makusudi, na mimi sina ubaya nao, kila tasi aliyeingia demani ni mdomo mmoja umepungua.

Jambo lililoleta maneno makali ni majani ya bahari. Mgeni akitazama chini anaona vyote ni kijani, anafikiri vyote ni mwani, anang'oa ili shamba liwe safi. Yale majani marefu yaliyolala mchangani si mwani. Yale ni mimea ya kweli: yana mizizi, yanatoa maua chini ya maji, yanashikilia mchanga. Pono na samaki wengi wadogo wanaishi humo. Tulikuwa tumesafisha eneo kubwa tu, tukijisifu, mpaka mzee mmoja mvuvi akaja kusimama mbele yetu na kutuambia tumemvunjia jiko lake. Alikuwa na haki. Mchanga ukaanza kuhama pale, na vigingi vyetu wenyewe vikalegea. Acha majani yalipo. Tafuta pahala penye mchanga mtupu, au pandisha kamba zako juu kidogo.

Ule usiku wa darsa binti alitupanulia mambo mpaka tukasahau kulala. Akasema wataalamu huviita viumbe hivi vyote alga, neno la Kilatini la mwani wa baharini, ila sasa limebeba hata vile ambavyo jicho halivioni. Wanavigawa kwa rangi zaidi kuliko kwa umbo. Mwekundu ndio huu wetu, spinosamu na kotonii, hata kama kwenye kamba wakati mwengine unaonekana kijani au kahawia. Rangi yake nyekundu huusaidia kutumia mwanga wa buluu unaofika kwenye kina. Wa kahawia ni ule unaotupwa ufukweni wakati wa kusi, wenye vipulizo vidogo vya hewa, na katika bahari za baridi kuna jamaa zake wanaozidi mita 45 kwa urefu. Wa kijani ni ule mwembamba laini unaoota kwenye mawe ya pwani, na pia ule mgumu wenye chokaa ambao ukifa unavunjika ukawa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga ambao wageni wangu wa hoteli walikuwa wakiupiga picha ilikuwa mwani uliokufa. Ningelijua zamani ningewaambia, wangelipenda.

Kuna wengine ni chembe moja tu. Ule utelezi wa kijani ndani ya tangi la maji la mavyaa ni hao hao, na wanaota kwa sababu tangi lilikuwa la plastiki jeupe linalopitisha mwanga. Tulipolifunika turubai utelezi ukapungua. Chembe hizo zinazoelea baharini, zikijumlishwa na bakteria wanaoishi kwa jua kama zao, ndizo zinazotoa karibu nusu ya oksijeni yote inayotengenezwa duniani. Nyingine zinaishi ndani ya mwili wa matumbawe na kuyalisha. Bahari ilipopata joto mwaka 1998 matumbawe yalizipoteza chembe hizo, yakawa meupe, na mengi yakafa, hata kwenye kisiwa cha Misali. Wazee wa hapa wanaukumbuka mwaka ule, ila hawakuwa wameambiwa sababu.

Kwa mkulima lenye faida zaidi lilikuwa la wale bakteria. Msimu wa joto kamba zetu zilivamiwa na nyuzinyuzi nyembamba, utelezi mweusi, na waliozitoa kwa mikono mitupu walitoka vipele vya kuwasha. Hizo nyuzinyuzi ndio hao bakteria. Zamani walihesabiwa pamoja na mwani kwa sababu wanajitengenezea chakula kwa jua. Sasa wanajulikana kuwa ni bakteria, na baadhi yao wana sumu inayochoma ngozi. Sisi tulidhani ni chumvi tu, tukapaka mafuta ya nazi na kuendelea. Vaa glovu, au hata soksi nzee mikononi. Tikisa kamba kila unaposhuka, kwa sababu uchafu wa wiki moja unatoka kwa kutikisa na wa mwezi hautoki. Viatu vya plastiki vya kufunga ni lazima, kuna wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na ukimkanyaga mmoja bamvua yako imeishia hapo. Macho nayo: jua linapiga juu na linarudi kutoka chini. Kofia pana juu ya ushungi, na wanaonicheka nimewaona baadaye wanakwenda Wete kutafuta dawa ya macho.

Mgongo sina cha kuwadanganya. Mwani mbichi ni maji, na unaubeba kichwani au kwenye polo ukivuta ndani ya maji yanayojaa. Kuna siku nililia njiani, si kwa uchungu, kwa hasira ya kuona niliowaacha hotelini wamerudishwa kazini na mimi sikuitwa. Mavyaa hakuniuliza chochote. Alinipa chai ya tangawizi akaenda kugeuza mwani wangu juani.

Kugeuza huko ni nusu ya bei. Anika juu ya chanja, usianike mchangani, mchanga ukiingia mnunuzi anakata kilo na ana haki. Jua zuri likiwepo siku mbili tatu zinatosha. Mvua ikiukuta mwani ulio nusu kavu, chumvi inatoka, rangi inapauka, na uzito unakwenda nayo, kwa hiyo turubai liwe karibu na awepo mtu nyumbani.

Sehemu ya mwani sasa hatuiuzi kavu. Tunausaga unga na kutengeneza sabuni, kwa mafuta ya nazi na kidogo ya mafuta ya makonyo ya karafuu yanayotengenezwa hapa hapa Pemba. Ujuzi huu umeenea Zanzibar kwa mafunzo ya vikundi vya wanawake, Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ni mmoja wa waliousukuma mbele kwa miaka mingi. Unga kidogo tu unatosha sabuni nyingi, na mche mmoja wa sabuni unaingiza pesa zaidi ya kilo ya mwani mkavu. Lakini soko lake ni la watalii na la mjini. Bila ya mtu Unguja wa kukupokelea mzigo, sabuni itakaa kabatini mpaka itoe jasho. Mimi nilikuwa na bahati ya marafiki wa hotelini. Pima na ile soda kali ya kutengenezea sabuni vizuri, kwa mizani na si kwa jicho, inaunguza ngozi kuliko bahari.

Ubishi uliopo nyumbani sasa ni juu ya kulima kwenye maji ya kina. Maji ya karibu yanazidi joto, na kotonii unaweza kuishi pale yanapofika shingoni na zaidi, kwenye kamba zinazoelea. Inataka chombo, inataka nanga, na inataka kuogelea, na wengi wetu hatujui kuogelea japokuwa tumezaliwa tunaitazama bahari. Mimi nimeanza kujifunza. Wifi anasema yeye na spinosamu wake watazeekea magotini, na kwamba fedha ya dau tungeongeza chanja. Mume wangu yuko upande wake. Kamba za kina nimeshazinunua, mbili tu za majaribio, na nitazishusha kusi likianza.